Norjmaa Husubiri Bakuli la Pili

Pikipiki inazimwa mbali kidogo na hema, na Norjmaa anapaza sauti: "Zuieni mbwa!" Mbwa mwenyewe ni kikongwe, amejilaza kando ya gurudumu bovu na hana nguvu hata ya kutikisa mkia. Lakini hiyo ndiyo hodi ya huku bondeni Ulaantolgoi, na Norjmaa hajawahi kuingia hema la mtu bila hodi.

Anainama mlangoni, anaketi upande wa wageni, anapokea kichupa cha ugoro kutoka kwa mwenye hema, Mzee Dugar. Anakinusa, anakirudisha kwa mkono wa kulia, kisha anauliza swali ambalo kila mtu huuliza majira haya.

"Mnaipitisha vuli kwa amani, kaka? Mifugo imenona?"

"Amani tupu, mdogo wangu," anajibu Dugar. "Imenona vizuri sana."

Norjmaa haandiki chochote. Anaitikia kwa kichwa, anapokea bakuli la chai ya maziwa yenye chumvi kutoka kwa Badamkhand, mke wa Dugar, na mazungumzo yanahamia kwenye bei ya sufu ya mbuzi, kisha kwenye farasi wa jirani ambaye kila mwaka hutangazwa kuwa atashinda mbio na kila mwaka hufika akiwa na vumbi la wenzake usoni. Badamkhand anamuuliza Norjmaa kama bado anaiendesha hiyo pikipiki yake au siku hizi yeye ndiye anayeisukuma. Wanacheka. Bakuli linakwisha, linajazwa tena.

Ndipo Dugar anapokohoa. Anautazama moto, hamtazami mgeni, na kusema kwa sauti ya chini kwamba panya wa nyika wamefyeka malisho yote ya kambi yao ya baridi. Hakuna jani lililobaki. Theluji ikianguka, hajui kondoo wake atawapeleka wapi.

"Hiyo sasa ndiyo habari," Norjmaa anasema baadaye tukiwa nje, akijifunga kofia. "Ile ya mwanzo ilikuwa salamu tu."

Norjmaa ana umri wa miaka hamsini na minane. Ni mjane, mfupi, mashavu mekundu kwa upepo, mwepesi wa kucheka na mzito wa kuondoka. Ameajiriwa na Mradi wa Malisho kwa kazi ambayo kwenye mkataba inaitwa ufuatiliaji, lakini wafugaji wanamwita mnywa chai. Mshahara ni tugriki laki nane kwa mwezi, na petroli ikipanda, sehemu yake huishia kwenye tangi.

Kazi yenyewe ni hiyo uliyoiona: kwenda hema kwa hema, kukaa, kunywa, kusubiri. Anachokisikia baada ya bakuli la pili ndicho anachokipeleka kwenye mkutano wa wafugaji wa kila majira. Hapo wafugaji wenyewe hubishana ni habari ipi yenye uzito kuliko zote, na mpango wa mradi hugeuka kuifuata. Kama panya wamekula malisho ya mtu, nyasi kavu hupelekwa huko, hata kama mwanzoni mwa mwaka ilipangwa ziende kwingine.

Sasa utaratibu huo uko mashakani. Mkutano wa Ijumaa utaamua kama Norjmaa aendelee na pikipiki yake, au wafugaji wawe wanapigiwa simu kutoka mjini na kuulizwa maswali.

"Kwa simu," anasema, "nchi nzima iko amani tupu."

Wasomaji wetu hawatashangaa sana. Nasi tunamjua mtu anayejibu "salama" akiwa kitandani hoi, kisha ndipo aseme "ila". Huku ile "ila" inachelewa zaidi. Kuilalamikia mifugo yako mbele ya mtu aliyeingia sasa hivi ni kukosa adabu, na kuutaja mkosi wa baridi kabla baridi haijafika ni kuuita kwa jina. Mgeni kwanza apashe mikono moto, anywe, aulizwe ya kwao. Mwandishi wa makala haya ameishi huku miaka mingi, na bado kuna siku hujisahau akaondoka hemani na habari ya mwanzo.

Norjmaa aliijua kazi hii kabla hajajua kuwa ni kazi. Alizaliwa katika bonde hili hili zama za ushirika, mifugo ilipokuwa ya wote, mama yake akiwa mkamuaji wa yaki, wale ng'ombe wa manyoya marefu. Wakati huo, anasema, ukisimama juu ya kilima kile ungeona moshi wa mahema mpaka macho yachoke, na jioni ungesikia wanawake wakiitana kutoka zizi hadi zizi kwa mambo ya kipuuzi tu, ili mradi wasikiane. Wageni wakija, yeye mdogo ndiye aliyepeleka mabakuli.

"Mama alikuwa ananikonyeza," anakumbuka. "Nikishapeleka la kwanza, ruksa kwenda kucheza. Nikipeleka la pili, nijibanze kwenye kona nitulie, maana watu wazima wanaanza kusema. Nilijua nani kaachwa na mkewe kabla viongozi wa ushirika hawajajua."

Anacheka. Mama yake aliichanganya chai kwa upawa, akiinua juu na kuimwaga tena sufuriani, na sauti ile, anasema, ndiyo anayoikosa kuliko kitu chochote cha utoto wake. Siku hizi hema nyingi zina chupa za chai. Unamiminiwa ile iliyopikwa alfajiri, unakunywa, unaaga. Yeye anakumbuka chai iliyokuwa ikichelewa kwa makusudi.

Mradi ulipokuja mara ya kwanza, ulikuja na bango kitita. Watu wa miradi wanalijua: lile jedwali kubwa la mpango, safu moja ya malengo, nyingine ya viashiria, nyingine ya namna ya kuvithibitisha, na ya mwisho ya mambo ambayo wapangaji wameyachukulia kuwa yatakwenda sawa. Lilijazwa mjini, likatiwa saini na wafadhili, na baada ya hapo hakuna aliyethubutu kuligusa. Kwenye ile safu ya mwisho paliandikwa kwamba majira ya baridi yatakuwa ya kawaida.

Norjmaa aliajiriwa pamoja na wenzake watano kwenda kuuliza maswali. Walizunguka kwa gari la Genden, dereva mwenye sauti nzuri aliyeimbia kila kilima walichopanda na kukitukana kila walichoshuka. Norjmaa anasema hajawahi kufurahi kazini kama mwaka ule. Walikula mkate mmoja watu sita, walilala wamebanana kwenye hema za watu wasiowajua, walikuwa na mabegi mapya. Shida ilikuwa moja, haraka. Mahema mengi, siku chache. Basi waliuliza mlangoni, injini ikinguruma: je, kaya imejiandaa vya kutosha kwa baridi? Kila mtu alijibu ndiyo, vizuri sana.

"Sote tulikuwa watoto wa wafugaji," anasema. "Mimi, Genden, hata mabwana wa ofisini. Hakuna aliyekuwa hajui jibu la mlangoni ni jibu gani. Lakini karatasi ilikuwa na nafasi ya jibu moja, na tulikuwa na safari ndefu mbele."

Miongoni mwa waliojibu hivyo alikuwemo kaka yake, Choijil.

"Nilimuuliza kaka yangu wa tumbo moja nikiwa nimesimama," anasema Norjmaa. "Akasema vizuri. Nikapanda gari."

Ikaja baridi ya mwaka wa chui, kwa kalenda ya huku. Mvua ya mwisho iligeuka barafu, theluji ikalala juu yake, na mifugo ikakwaruza ardhi kwa kwato mpaka damu. Balaa hiyo huku inaitwa zud, na watu hawapendi kuitamka. Nyasi kavu zilikuwepo ghalani mjini. Ila jedwali halikuonyesha shida yoyote Ulaantolgoi, na fedha za robo ile zilikuwa zimetengwa kwa semina ya kunenepesha kondoo. Kubadilisha kisanduku kimoja kulihitaji kuwaandikia wafadhili na kusubiri majibu mpaka masika. Semina ikafanyika kama ilivyopangwa. Washiriki walipita katikati ya mizoga kuingia ukumbini.

Choijil alipoteza mifugo yote. Baridi ilipokatika alilifunga hema lake, akalipakia kwenye lori la kukodi na kwenda Ulaanbaatar, ambako hadi leo analinda ghala la saruji. Wengine wakamfuata. Genden naye alihamia kwa binti yake huko huko mjini, na gari lake likauzwa vipande vipande. Bonde likabaki na moshi wa kuhesabika.

Mkurugenzi wa mradi, Sodnom, wakati huo alikuwa ofisa mdogo, na ndiye aliyeandika ripoti ya mwaka ule. Anaisimulia bila kutabasamu.

"Kwa mujibu wa jedwali tulifaulu," anasema. "Kila kiashiria kilitimia. Nilipandishwa cheo."

Ndiye huyo huyo aliyewabembeleza wafadhili wakubali mpango unaopindika: malengo machache, visanduku vichache, na watu wa kwenda kukaa na kunywa chai. Norjmaa alikuwa wa kwanza kuombwa. Wafugaji wanaikumbuka mikutano ya miaka ile kama watu wanavyokumbuka harusi. Mwaka mmoja mradi ulikuwa umepanga kuchimba kisima, lakini habari iliyoshinda ukumbini ilikuwa ya familia mbili zilizokuwa hazisalimiani kwa sababu ya mpaka wa malisho. Majira yote yakaishia kwenye kuwapatanisha, kwa maziwa mengi ya farasi yaliyochachushwa. Kisima hakikuchimbwa. Hizo familia zikaanza kuhama kwa zamu, na malisho yaliyokuwa yamekufa yakaota tena. Norjmaa anasema siku wale wazee wawili walipobadilishana vichupa vya ugoro, alilia mbele za watu na hakuona haya.

Sasa wamekuja wafadhili wapya, na wanataka bango kitita lirudi likiwa limejaa. Sodnom hasemi kwamba hawana hoja.

"Dada Norjmaa ni mmoja," anasema. "Wale wenzake wote wameshaondoka. Akiugua yeye, mimi ni kipofu. Kwa simu nafikia kaya zote ndani ya wiki."

Ijumaa inafika. Ukumbi wa shule unanukia moshi wa samadi kavu na ngozi ya kondoo. Wafugaji wameketi na majoho yao mazito, vichupa vya ugoro vinazunguka, na Sodnom anaonyesha jedwali ukutani kwa projekta. Anaeleza vizuri, bila dharau. Mzee mmoja anauliza visanduku vile vitupu vinangoja nini, naye anajibu kwamba vinangoja simu.

Norjmaa anapewa nafasi ya kusema, na anaiharibu. Amezoea kusikiliza, kuhutubia hajui. Anaanza na panya wa Dugar, anarukia upawa wa mama yake, anapoteza njia, anasema basi, anakaa. Uso umemwiva. Watu wanainamisha macho kumstahi. Mtu yeyote aliyekuwepo angesema kazi yake imekwisha hapo.

Ndipo Badamkhand anaposimama, mikono ameificha ndani ya joho.

"Mkurugenzi," anasema, "simu si unayo? Hebu mpigie mume wangu."

Sodnom anasita, anatabasamu, anapiga. Anaongeza sauti ili wote wasikie. Simu inaita kwa muda.

"Mzee Dugar, mnaipitisha vuli kwa amani? Kambi ya baridi iko tayari?"

"Amani tupu, mwanangu," sauti ya Dugar inajaa ukumbini. "Iko tayari, malisho ni mazuri. Na wewe huko, kazi inakwenda?"

"Inakwenda vizuri, mzee," anajibu Sodnom, na kuagana naye.

Badamkhand bado amesimama. "Hiyo kambi haina jani," anasema. "Panya wamemaliza. Na jana farasi kamtupa. Hapo anapozungumza na wewe yuko chali, hajigeuzi bila mtu. Simu nilimwachia kifuani."

Watu wanacheka mpaka wanafuta machozi kwa mikono ya majoho. Sodnom naye anacheka. Halafu kicheko kinamwisha taratibu, kwa sababu yule mzee wa visanduku amemuuliza, kwa upole kabisa, kama kweli kazi inakwenda vizuri.

Mkurugenzi anajibu kwamba ndiyo. Anakaa kwenye kona ya meza. Norjmaa anainuka alipo, anammiminia chai, anasimama karibu naye. Sodnom akimaliza, anammiminia la pili. Na hapo, huku jedwali likiwa bado linawaka ukutani, Sodnom anawaambia wafugaji jambo ambalo hata ofisini kwake halijulikani: nusu ya wafadhili wamejitoa, na bila visanduku kujaa, hata hawa waliobaki watafunga mabegi mwakani. Simu hata yeye haipendi, kama wao wasivyoipenda. Anaogopa kuwa mtu wa mwisho kuzima taa za mradi huu.

Ukumbi hauchukui upande tena. Watu wa huku, ukishawapa shida yako, wanaishika kama yao. Yule mzee anasema jedwali liwepo basi, na simu zipigwe, watu wa kuzipiga huko mjini wasinyimwe kazi. Ila ile safu ya mwisho, ya mambo yanayochukuliwa kuwa yatakwenda sawa, isijazwe mjini. Ijazwe hapa, kila majira, Norjmaa akishazunguka. Ikipingana na visanduku vingine, hivyo vingine ndivyo vibadilike. Sodnom anasema ataliandika hivyo na kulipigania, lakini hawezi kuahidi saini ya mtu mwingine. Petroli imepatikana ya baridi hii peke yake. Nyasi za Dugar zinapakiwa Jumatatu.

Asubuhi iliyofuata tunamkuta Norjmaa kwake, amechoka na ana furaha ya mtu asiyejua kama ameshinda. Anasema ameota bonde limejaa moshi kama zamani, na alipoamka akachungulia nje kuhakikisha. Mwandishi anafunga begi, na kwa kuaga tu, kama mtu yeyote angefanya, anauliza kama kaka yake Choijil hajambo huko mjini.

"Hajambo," anajibu. "Tunapigiana simu. Yuko salama, kazi nzuri, chumba kina joto."

Nje dereva anapiga honi. Mwandishi anaweka begi chini, anaketi tena na kunyoosha bakuli lake. Norjmaa anamtazama, anaelewa anachofanyiwa, anatikisa kichwa huku akicheka. Kisha anachukua upawa uliokuwa wa mama yake na kuichanganya chai, akiuinua juu na kumwaga, juu na kumwaga. Honi inalia tena. Hana haraka.

"Sijawahi kwenda kwake," anasema hatimaye. "Tangu ahame. Najua kila mtu wa bonde hili anakosa usingizi kwa nini, lakini kaka yangu namsikia kwa simu, na kila mara nashukuru akisema salama, maana napata kukata simu. Naogopa. Nikikaa kwake mpaka la pili, ataniambia lile ambalo ningelisikia mwaka ule kama ningezima gari."

Juzi alikuwa bado hajaamua. Jana, alipokuwa akimmiminia Sodnom, aliamua. Akimaliza mzunguko wa theluji ya kwanza, atapanda basi la Ulaanbaatar na mfuko wa jibini kavu, nyama ya kondoo wa Dugar ikipatikana, na huo upawa. Ameshaulizia: chumba cha mlinzi kina jiko. Likizo ameomba siku chache, na Sodnom amemwambia akae mpaka atakaporidhika.

Hana swali lolote aliloliandaa.

"Nitamsalimia kama anavyosalimiwa mtu," anasema Norjmaa. "Atasema amani tupu. Safari hii nitakuwa nimekaa."